Jina Alilolinyonya Mtoto

Jumapili, 31 Agosti 2025

Maurine amepiga simu baada ya ibada. Tumbo limeshuka, anasema. Wiki moja, labda mbili. Ni msichana. Yeye ni muuguzi huko Dundee, Uskoti, kwa hiyo anayataja mambo haya kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Kisha akasema: Babu, tusaidie jina.

Sikutegemea. Mama yake, Linet wangu, hakuniuliza lolote Maurine alipozaliwa. Alitoka hospitalini Alupe na mtoto begani na jina tayari kwenye karatasi.

Masharti ni haya. Jina liwe la Kiskoti, kwa sababu mtoto atasoma huko, na baba yake, Fraser, ni wa huko. Lakini lisiwe la zamani sana. Bibi yake Fraser ana miaka tisini na mmoja, anaitwa Morag, na anataka Morag. Fraser anasema Morag ni jina la ng'ombe. Nikamwambia Maurine kwetu hilo si tusi. Baba yangu alikuwa na fahali mwenye jina refu kuliko langu, na alilitamka kwa upole zaidi.

Wamempoza bikizee kwa jina la katikati. Kwa hiyo katikati pamejaa. Imebaki nafasi ya mbele tu.

Sharti la mwisho: "Liwe jina ambalo hata Malaba wataliweza, Babu. Sitaki mtoto aje nyumbani watu waanze kupigana na ulimi."

Aje nyumbani. Nilimwomba aliseme tena hilo, nikasingizia simu.

Jumanne, 2 Septemba

Orodha imefika. Saba: Isla, Eilidh, Mhairi, Una, Skye, Iona, Ailsa. Nimeinakili kwa herufi kubwa.

Nimemsomea dada yangu Adeke akichambua mboga. Ana miaka themanini na minne, nyumba yake na yangu zinatazamana hapa Moding, na hajui kusoma, kwa hiyo masikio yake hayadanganywi na maandishi. Eilidh linatamkwa "Eili," Maurine amenieleza. Adeke hakuinua kichwa.

"Huyo ni mvulana."

Ni kweli. Kwetu sisi Iteso jina la mwanamume huanza na E au O, la mwanamke na A. Mtu anaitwa Emuron, dada yake Amuron. Nilisema jina la mwisho bila kukusudia. Adeke akaacha mboga, akanitazama. Kisha akaendelea.

Jumatano, 3 Septemba

Malaba. Trela zimepanga foleni hadi kule kwenye mizani. Nimeketi kwa Nerima, muuza chai, pamoja na Willis, wakala wa forodha niliyemfundisha hesabu darasa la sita, na madereva wawili waliokuwa wakingoja karatasi zao. Niliwapa orodha waisome kwa sauti. Huo ndio mtihani.

Willis alianza. "Mwalimu, hii ni Isla ama wamesahau M? Mtoto amesilimu na hajazaliwa?"

Dereva mmoja, mtu wa Voi, akasoma Mhairi. "Mahari! Mzee, wameitisha ng'ombe wangapi?" Nikawaambia linatamkwa "Vari." Willis akauliza: "Sasa hiyo M na H zinafanya nini hapo mbele?" Dereva akajibu kwamba zimekwama forodhani.

Skye, wakasema, ni baa. Kuhusu Una, Nerima aliweka birika chini kabisa. "Utamwita Una, atakujibu sina. Utakuwa unaulizana na mtoto mpaka ukufe."

Iona walilisoma kila mtu kivyake. Ailsa walilisoma wote namna moja, mara ya kwanza, na hakuna aliyecheka. Willis alilirudia mara mbili. "Hiyo iko sawa, mwalimu. Hiyo inapita."

Nimemwandikia Maurine matokeo. Alicheka. Anasema wenyewe huko hutamka karibu na "Eilsa," lakini mtoto ataitika tu. Adeke akasema hapa tutasema A, na yeyote asiyetaka asije.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimelitafuta Ailsa. Atlasi yangu ya zamani ya shuleni — kurasa za Afrika zimechakaa, za Ulaya bado mpya — inaonyesha nukta baharini, magharibi mwa Uskoti. Ni mwamba. Kisiwa cha mwamba mtupu, hakuna anayeishi juu yake ila ndege. Maurine akanitumia picha.

Nilimwonyesha Adeke. Aliishika simu mbali na macho, kisha karibu.

"Huu si mwamba wa Tororo? Nani ameuzungushia maji?"

Asubuhi kukiwa hakuna ukungu tunauona mwamba wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda, kutoka barabarani. Miaka thelathini na minane naupita nikienda Malaba, kila mara uko upande ule ule wa bega langu, na kila mara naupa bega.

Ni jina zuri. Naliandika hapa ili nisije nikajifanya sikuwahi kulipenda.

Jumatano, 10 Septemba

Amezaliwa jana asubuhi. Kilo tatu na robo. Mama na mtoto wazima. Sheria ya huko inawapa siku ishirini na moja za kuandikisha jina. Ana paji la uso pana lenye mstari katikati. Adeke ameuona mstari huo. Mimi pia. Hakuna aliyesema ni wa nani.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo Maurine ameniomba jambo. Amesikia kwamba mtoto wa Kiteso hapewi jina, huulizwa. Ni kweli? Anataka mwanawe aulizwe. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Nikamweleza. Bibi huchovya kidole kwenye ajono, pombe ya wimbi, akakitia kinywani mwa mtoto. Majina ya waliotangulia hutajwa, moja moja, taratibu. Mtoto akikaza midomo, jina limekataliwa. Akinyonya, amelichukua. La kwanza analolinyonya ndilo, na mambo yameishia hapo. Mama yangu alifanya hivyo kwa watoto wa kijiji kizima kule kwetu Kumi, Uganda. Kidole chake cha shahada kilipinda kidogo kuelekea cha kati, na wakubwa walitania kwamba kimepinda kwa kuvutwa na majina.

Maurine akasema: "Basi tutaje mawili. Ailsa, na moja la kwetu. Lipi, Babu?"

Nikasema Amuron. Nilishangaa jinsi lilivyotoka haraka.

"Atakalonyonya ndilo nitaandika," akasema. "Nimekuahidi. Fraser pia amekubali."

Naandika sasa jambo ambalo sijaliandika katika daftari lolote kati ya haya.

Mwaka 1987, waporaji wa ng'ombe walipofika vijiji vya jirani na bunduki zikafuata, niliondoka na mke wangu Rael, Linet akiwa na miaka mitano, na Adeke. Ilikuwa asubuhi, saa mbili hivi, jua safi. Mama yangu, Amuron, alikuwa akifunga mlango wa ghala. Alisema tutangulie, atafunga vizuri kisha atafuata, maana wimbi lilikuwa jipya na kuku wangeliingia. Nilimsikia akihangaika na kamba. Sikugeuka, nilikuwa nimembeba Linet.

Nilimngoja Malaba siku kumi na moja, upande huu wa daraja. Siku ya kumi na mbili mtu wa kwetu, Egwang, alivuka na baiskeli bila matairi, akaniambia boma lote limechomwa. Je, mama? Hakumwona. Je, kuna aliyemzika? Hakujua.

Nilirudi mwaka 1994. Mahali pa ghala palikuwa pamelimwa mahindi. Mwenye shamba alikuwa mtu mpole, akanipa maji. Hakuna aliyenionyesha kaburi.

Hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Amuron kwa Kiteso ni mwanamke mwaguzi, na Linet ni mtu wa kanisa, hakutaka kulisikia. Watoto wengine sikujaliwa. Adeke hakuzaa. Kwa hiyo jina liko kwa watu wawili, mmoja wa miaka themanini na minne, mwingine sabini na tisa.

Jumatano, 17 Septemba

Linet amepiga simu kutoka Busia, sokoni, kelele za wauza omena nyuma yake. Amesikia. "Baba, huyo mtoto ni wa watu wa Mungu. Hiyo jina ni ya waganga." Nikamwambia bibi yake hakuwa mganga, alirithi jina kwa shangazi yake, na alikuwa mama wa kanisa kabla yeye Linet hajazaliwa. Akasema watu hawataulizia historia, watasikia jina. Hapo hana makosa.

Jumapili, 21 Septemba

Tumeuliza.

Saa kumi jioni kwetu, saa nane kwao. Adeke alivaa gomesi yake ya buluu. Alianza kuchachusha wimbi tangu wiki iliyopita, kidogo, kibuyu kimoja, kwa ajili ya heshima tu. Simu tuliiegemeza kwenye bakuli la sukari.

Upande wa pili: Maurine kitandani na mtoto, Fraser ameshika simu, na Mama Morag mwenyewe, mdogo kama kuku, amevaa sweta katikati ya mchana. Alikuwa amekuja na kichupa cha wiski cha kuchovya kidole. Maurine alikichukua, akakiweka juu ya kabati. Wakatumia maziwa ya mama. Adeke alipoelezwa alisema yule bikizee ana akili, ni mtoto ndiye hana bahati.

Mtandao ulisumbua. Nilisema, "Mnanisikia?" Wakakaa kama picha ya ukutani, kisha wote wakaitikia kwa vichwa kwa pamoja.

Mama Morag alitia kidole. Midomo ya mtoto ilikaza. Nikataja: Ailsa.

Hakuna kitu. Nikavuta pumzi mbili, kama mama alivyokuwa akifanya.

Nikataja: Amuron.

Nilikuwa sijalimaliza. Shavu likaingia ndani, likatoka, likaingia. Ananyonya! Adeke alipiga vigelegele hadi jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Adeke akakishika kioo cha simu kwa mikono miwili na kusema, "Mama, umefika. Mama, umefika." Nami nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha mtandao ukakatika.

Jumatatu, 22 Septemba

Ujumbe wa Maurine, asubuhi: "Babu, sauti yako ilikuja vipande vipande, hatukupata maneno, tulisikia tu Nyanya Adeke akishangilia. Amenyonya vizuri sana! Alinyonya ukisema lipi?"

Nilianza kumjibu. Niliandika herufi tatu nne, nikafuta.

Nilifundisha hesabu na jiografia miaka thelathini na moja. "Mnanisikia?" Kisha kukaa kama picha. Kisha vichwa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa macho yangu kabla hata ya kuanza, na halikunijia akilini hadi alfajiri ya leo, nikinawa uso.

Nimemjibu: mtoto hajambo?

Jumanne, 23 Septemba

Adeke amekwishawaambia kina mama wa kanisa, wa Anglikana na wa Katoliki pia. Mmoja ameleta kuku, jogoo mwekundu, wa Amuron mdogo. Nilimshukuru. Jogoo amefungwa mguu kwenye stoo na ana hasira.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimempigia Maurine kwa picha. Saa ya mkononi nimeivua, nimeiweka kando ya simu. Katikati ya mazungumzo nilipiga makofi mara moja, kwa nguvu, na kuangalia mshale. Alishtuka.

Sekunde nne na nusu. Baada ya dakika kumi nikarudia. Nne. Mara ya tatu, karibu tano.

"Babu, mbona unapiga makofi?"

"Naua mbu."

"Mchana?"

"Wa hapa hawana adabu."

Alicheka na kunionyesha mtoto amelala. Ukiacha kule kusingizia simu, huo wa mbu ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu azaliwe, nadhani.

Hesabu ni hii, na haina njia nyingine. Sauti yangu inachukua sekunde mbili na ushee kufika kwao, na picha yao sekunde mbili na ushee kunifikia. Nilitaja Ailsa. Nikavuta pumzi mbili, nazo ni kama sekunde nne. Nilipofungua kinywa kwa Amuron nikaona shavu likiingia. Kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa kimeshapita. Jina la mama lilifika Dundee mtoto akiwa ameshanyonya.

Alinyonya Ailsa.

Nimejaribu kuipinga. Je, ikiwa sauti ilikuwa vipande, mtoto alisikia nini hasa? Je, hakunyonya tu kwa sababu ni mtoto na kidole kina maziwa? Hayo maswali yangeweza kuulizwa kwa kila mtoto ambaye mama yangu alimpa jina. Hatukuyauliza.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia Adeke. Nilitumia njugu juu ya meza: hii ni sauti, hii ni picha, hii inakwenda, hii inarudi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akazila njugu, moja baada ya nyingine.

"Mimi niliona," akasema. "Wewe ukisema Amuron, yeye ananyonya. Hukuona?"

"Niliona."

"Basi. Hiyo ingine ni ya simu."

Nikamuuliza, mama angefanya nini? Akasema mama hakuwa na simu.

Jumamosi, 27 Septemba

Linet amekuja kutoka Busia bila kutuambia. Amefunga kibanda siku ya soko, jambo ambalo hafanyi. Niliandaa hoja zangu zote. Hakutaka hoja.

Alisema amesali wiki nzima. Alisema anakumbuka kitu kimoja tu cha Kumi: amebebwa, kidevu chake kiko juu ya bega langu, na anamwona bibi yake akiwa ameshika kamba, anampungia mkono uliokuwa na kamba. Hakuwahi kuniambia. Miaka thelathini na minane!

"Aliendelea kupunga mpaka tukapita kona," akasema.

Nilikuwa sijui kwamba alipunga.

Kisha: "Kama ni mtoto mwenyewe amechukua, Baba, mimi ni nani. Nitaliita hilo jina. Nitaliita hata kanisani." Akanishika goti. "Lakini ni kweli alichukua? Wewe si mtu wa kubahatisha. Nataka nisikie kwako."

Adeke alikuwa mlangoni na sufuria. Hakuingia wala kutoka.

Nilisema: "Nilimwona akinyonya."

Linet akasema haleluya, kwa sauti ya chini, akaenda kumsaidia Adeke na jogoo. Nimekula kipande kidogo sana.

Jumatatu, 29 Septemba

Saa tano na dakika arobaini asubuhi. Wameitwa kuandikisha jina saa sita yetu, saa nne yao. Siku ya ishirini, mbele imebaki moja tu. Maurine ameandika wako kwenye viti vya kungojea, Fraser anamtembeza mtoto ukumbini. "Babu, leo lazima. Niandikie jina lenyewe, na herufi zake vizuri, nimwonyeshe karani kama lilivyo."

Nimeamka na wazo la kumwambia ayaweke yote mawili. Lakini mbele pana nafasi moja, na katikati amekaa Morag. Na jina halipewi mtu kwa huruma.

Kisha nimewaza: nani ataumia? Mtoto atakua na jina la mwanamke aliyefunga ghala lake vizuri kwa ajili ya watu ambao hawakurudi kula. Adeke atakufa ameridhika. Linet ameshalikubali. Fraser atajifunza kulitamka. Hakuna mtu duniani aliyepima zile sekunde ila mimi.

Ndiyo shida yenyewe. Mama alipowatia watoto wa Kumi kidole, waliohudhuria walikuwa wengi, lakini aliyeusikia mvuto wa mdomo alikuwa yeye peke yake. Wengine walimwamini. Kuna watu wazima, wazee kama mimi, wanaoitwa walivyoitwa kwa sababu yeye alisema "amechukua," na sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza kama alisema kweli. Sasa mimi nilichukue jina lake mwenyewe na kumpa mtoto ambaye hakulichukua?

Na bado nalitaka. Nalitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu Rael afariki.

Saa sita kasoro tano. Adeke ameketi kando yangu, bega kwa bega, anatazama kioo asichoweza kukisoma. Maurine ametuma alama ya kuuliza. Karani anawaita. Naandika hapa kwanza, kwa kalamu.

Adeke anauliza: "Umeandika?"

"Naandika."

"Umeandika la mama?"

Nimeandika A. Hadi hapo ni kweli.